Ukimtajia Mhudumu LOS, Mtajie na Taa

Mhudumu wa wateja anayepokea simu yako ana skrini mbele yake, na kwenye skrini mna visanduku vya kujazwa: namba ya akaunti, aina ya tatizo, hatua zilizokwisha kufanywa, maelezo. Pembeni mna saa inayohesabu muda wa simu. Kila utakalosema ama lina kisanduku chake, ama halina. Faida ya vifupisho vya watu wa kazi ni hiyo tu: kikitajwa sawasawa, kifupisho huingia kwenye kisanduku chake, na yale maswali matano ya mwanzo hayaulizwi tena.

Hapa Mombasa watu hujifunza herufi hizi kwa kulazimika. Aliyeagiza gari Japani anaijua BL, hati ya mzigo wa meli, kabla gari halijatia nanga Kilindini. Mwenye vyumba vya kupangisha Bamburi anaijua CIU, kibodi cha mita ya umeme. Anayewapeleka wazazi Umra anaijua PNR, msimbo wa nafasi iliyowekwa kwenye ndege. Lakini mara nyingi herufi hutajwa zikiwa tupu, bila namba wala dalili, kana kwamba kuzitaja kwenyewe kunatosha, na mhudumu hana pa kuziandika. Hurudi mwanzo kabisa: "Samahani, intaneti yako iko vipi?"

Taa mbili za boksi la faiba

Naanza na faiba kwa kuwa hapo kifupisho hufanya kazi nzuri kuliko popote, mradi mtu awe ameangalia kwanza.

Boksi dogo lililofungwa ukutani, mafundi huliita ONT au ONU, lina taa kadhaa. Za kutazama ni mbili, PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, boksi lako linasikilizana na mtambo wa kampuni. LOS ikimulika nyekundu, mwanga haufiki kabisa: waya umekatika, umekunjwa kupita kiasi, au kichwa chake kimechomoka. PON ikipepesa huku LOS imezimika, mwanga unafika lakini mtambo haujalitambua boksi, na hapo shaka iende kwenye usajili wake. PON ikiwa imetulia kijani na bado huna intaneti, waya wako hauna kosa. Tafuta kwenye malipo, kwenye akaunti, kwenye ruta, au mbali zaidi.

Mbali kiasi gani? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Siku kama hiyo taa ya PON hukaa kijani vilevile na LOS hulala. Anayesema "nina LOS" kwa sababu tu WhatsApp haifunguki, tiketi yake, yaani kumbukumbu ya lalamiko lake, huandikwa ya waya kukatika. Fundi atatumwa mpaka Mtwapa kukagua waya mzima, na jirani ambaye waya wake umekatika kwelikweli atangoja zamu.

Kabla ya kupiga simu, fanya haya. Zima boksi kwenye soketi, subiri dakika 2, liwashe, ulipe dakika nyingine 5 litulie. Tazama kichwa cha waya kinapoingia kwenye boksi: kikiwa cha kijani, ncha yake imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, na tundu lake lazima liwe la kijani pia. Cha buluu hukatwa wima, na vikichanganywa mwanga hupotea njiani. Kichomoe polepole, usiiguse ncha kwa kidole, usichungulie ndani yake, kisha kirudishe mpaka ukisikie kimeshika. Fuata waya ukutani kwa macho. Ukiwa umezungushwa duara la upana ulio chini ya sentimita 6, au umebanwa na mlango au mguu wa kabati, ulegeze. Mara nyingi huwa ni hilo tu.

Ikiwa bado, ndipo upige, na mazungumzo yaende hivi:

"Habari za asubuhi, dada. Napiga kutoka Bamburi, namba ya akaunti ni hii. Kwenye ONT taa ya LOS inamulika nyekundu na PON imezimika, tangu saa kumi na moja alfajiri. Nimelizima boksi na kuliwasha, nimechomoa kichwa cha faiba na kukirudisha, waya haujakunjwa popote ninapopaona. SN ya boksi ninayo. Naomba ufungue tiketi ya waya kukatika, unipe namba yake."

Hakuna neno hapo lisilo na kisanduku. Aina ya tatizo ipo, dalili ipo, muda upo, hatua zilizofanywa zipo. Na hili la hatua ndilo wengi hawalijui: mhudumu wa mwanzo, anayeitwa L1 kazini, haruhusiwi kuipeleka tiketi kwa mafundi wa L2 ikiwa sehemu ya hatua ni tupu, kwani hurudishwa. Ndiyo maana hung'ang'ania uzime na kuwasha hata ukiwa umemtajia LOS mara tatu. Hakudharau. Anahitaji kitu cha kuandika pale. Mpe, atakupitisha. Anayesema "nipe L2 moja kwa moja" bila kumpa hatua yoyote amemwomba jambo ambalo mfumo wake unamkatalia.

SN ya boksi, namba yake ya utambulisho, iko kwenye kibandiko chake cha chini au cha nyuma. Ina herufi na tarakimu 12, na nne za kwanza humtaja mtengenezaji: HWTC ni Huawei, ZTEG ni ZTE. Piga picha kibandiko hicho leo, wakati intaneti ingali nzima.

Kwa ambaye intaneti yake hukatika na kurudi, hasa mvua za masika zinapoloanisha viungo vya nje, kuna ombi jingine: "Naomba unisomee Rx ya ONT yangu." Hiki ni kipimo cha nguvu ya mwanga unaolifikia boksi, na huandikwa kwa dBm ikiwa na alama ya kutoa mbele. Katika mitambo ya GPON, aina ya faiba ya majumbani, boksi hufanya kazi vizuri kati ya -8 na -27. Kumbuka namba hizi huenda kinyume na mazoea: -20 ina nguvu kuliko -27. Ukiambiwa -28 au -29, mwanga ni hafifu, na sasa una sababu ya kudai fundi aje na kipima mwanga badala ya kukubadilishia ruta. Si kila mhudumu anauona usomaji huo kwenye skrini yake. Asipouona, mwombe aandike kwenye tiketi kwamba mteja anaomba Rx ipimwe.

CIU, KCT na nyumba iliyofungwa

Kwa umeme wa tokeni, CIU ni kile kibodi chenye vitufe kilichomo ndani ya nyumba. Mita yenyewe mara nyingi iko nje, juu ya nguzo au kwenye boksi la pamoja, na CIU huwasiliana nayo. Mtu akisema "mita imezima," mhudumu huandika kwamba umeme umekatika, kumbe feni inazunguka na jokofu linanguruma, na kilichozima ni CIU. Sema: "Umeme upo, CIU haisomi mita." Kabla ya hapo badilisha betri, na kama ni ya kuchomeka, jaribu soketi nyingine.

Tokeni ina tarakimu 20. Meseji ya Kenya Power hutaja Mtr, Token, Units, Amt, TknAmt na OtherCharges, na anayetaka kulalamika kwamba uniti ni chache asome TknAmt kwanza. Hiyo ndiyo pesa iliyonunua umeme. OtherCharges ni kodi na tozo, VAT ya asilimia 16 ikiwemo. Mhudumu akiulizwa "mbona TknAmt yangu imeshuka kuliko mwezi uliopita kwa Amt ileile?" anaweza kufungua malipo yote mawili akalinganisha. Akiambiwa "mnatuibia," hana la kufungua.

Mita ikiikataa tokeni, andika neno lilelile linalotokea kwenye kioo bila kulitafsiri. Mita nyingi husema tokeni imetumika, au ni ya zamani, au imekataliwa, na kila neno lina dawa yake. Iliyotumika maana yake uniti zimeshaingia; angalia salio. Iliyokataliwa yaweza kuwa tarakimu zimekosewa, au ni tokeni ya mita nyingine, jambo la kawaida kwenye majumba ambayo mita kumi zimepangana kwa ukuta mmoja.

Kisha kuna hili la TID, kitambulisho kilichomo ndani ya tokeni, ambalo bado linawasumbua wenye nyumba za likizo Nyali, Shanzu na Diani. Tokeni za STS, mfumo unaotumiwa na mita hizi, hubeba ndani yake hesabu ya dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusasishwa haipokei tokeni mpya. Nyumba iliyofungwa tangu kabla ya tarehe hiyo, mwenyewe yuko Ughaibuni, mita yake inaweza kuwa ingali vilevile. Dawa yake ni KCT, funguo mbili za tarakimu 20 kila moja. Unaingiza ya kwanza, unangoja mita iikubali, unaingiza ya pili, halafu ndipo unaingiza tokeni ya umeme. Ukiipindua safu hiyo mita inaweza kukataa, na wapo waliodhani mita imeharibika kwa sababu hiyo. Kwa simu sema hivi: "Mita hii haijaingizwa KCT. Naomba nitumiwe zote mbili," ukitaja namba ya mita, kisha ukae nayo karibu.

Herufi zisikike

B, D, P, T, V: kwenye simu yenye upepo wa kusi nyuma yake, zote husikika mamoja. Kifupisho sahihi chenye namba iliyosikika vibaya ni kazi bure. Tumia majina ya miji na mitaa ambayo hata mhudumu aliyeko Nairobi anaijua: B ya Bamburi, D ya Diani, K ya Kilifi, L ya Likoni, M ya Mombasa, N ya Nyali, T ya Tudor, V ya Voi, W ya Watamu. Tarakimu zisome tatu tatu au nne nne, usubiri azirudie. Sifuri iite sifuri, na herufi O iite "O ya Oktoba."

Kwa M-Pesa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu msimbo wa muamala una herufi na tarakimu 10 zilizochanganyika. Tatu za mwanzo hazikuja ovyo: hufuata mwaka, mwezi na siku. Misimbo ya mwaka 2024 ilianza na S, ya 2025 ikaanza na T. Herufi ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba. Ya tatu ni siku: tarakimu kwa siku 9 za kwanza, kisha A kwa tarehe 10, B kwa 11, na kuendelea. Kwa hiyo msimbo unaoanza na TEC ni wa tarehe 12 Mei 2025. Anayejua hilo hatasoma sifuri mahali penye herufi ya mwezi, na atagundua mapema kwamba amechukua meseji ya siku nyingine.

Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, isambaze meseji ileile ya muamala kwenda 456 papo hapo. Usianze kwa kumpigia uliyemtumia. Aliyepokea akishaitoa, msimbo wako hauwezi kuirudisha.

Bandarini, ambako herufi ni pesa

Kilindini siku moja ya kuchelewa ina bei, na nyingi ya siku hizo hupotea kwa mtu kuuliza ofisi isiyo yake. Chukua BL. Ziko mbili. MBL hutolewa na kampuni ya meli. HBL hutolewa na mkusanyaji wa mizigo, yule aliyejaza konteina moja kwa vitu vya watu wengi, mtindo wa LCL. Mwenye katoni zake sita ndani ya konteina hilo mkononi ana HBL. Akiipigia kampuni ya meli na kuitaja, wataitafuta na hawataiona, watamwambia mzigo haupo, naye atalala macho. Mzigo upo. Namba hiyo haimo kwenye mfumo wao. Ampigie mkusanyaji, aombe namba ya MBL na jina la CFS lililopokea konteina.

CFS ni yadi za nje ya bandari ambako konteina na magari hupelekwa kukaguliwa na kutolewa. Wakala wako wa forodha akikuambia "gari liko CFS," swali la pili liwe "CFS gani, na limeingia tarehe ngapi?" Tarehe ndiyo inayoanzisha hesabu.

Hesabu zenyewe ni mbili, na watu huzichanganya kila siku. Storeji hulipwa mwenye eneo, yaani KPA, mamlaka ya bandari, au CFS, kwa mzigo kukaa kwake. Demareji hulipwa kampuni ya meli, kwa sababu konteina ni lao na umekaa nalo. Barua ya kuomba msamaha wa demareji ikipelekwa KPA itasomwa, itarudishwa, na siku zitakuwa zimeongezeka kwenye ankara zote mbili. Ukipiga simu, taja ipi kati ya hizo, namba ya konteina, tarehe ya DO. DO ni hati ambayo kampuni ya meli hutoa kuruhusu mzigo uchukuliwe, na haitoki mpaka BL halisi iwe imerudishwa kwao au bandari ya kupakilia iwe imetuma ruhusa ya kuachia, na malipo yao yawe yamekamilika.

Namba ya konteina ina herufi 4 na tarakimu 7. Herufi ya nne ni U kwa konteina za mizigo, na tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu iliyofanywa kwa zile kumi za mbele yake. Mfano unaotumika sana kufundishia ni CSQU3054383: ile 3 ya mwisho ndiyo mlinzi. Ukikosea herufi moja, mfumo kwa kawaida hugoma. Basi mhudumu akisema namba haikubali, usimgombeze. Isome tena kwenye BL, si kwenye meseji ya WhatsApp uliyoandikiwa na mtu.

Mzee anayesafiri

Kuna herufi nne ambazo ningependa kila familia inayomsafirisha mzee izijue. Ukimwambia mhudumu wa shirika la ndege "mama anahitaji kiti cha magurudumu," ataandika WCHR, kwa kuwa ndiyo ya kawaida. Lakini WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila umbali mrefu wa uwanja humshinda. Asiyeweza ngazi lakini akiwa ndani anajisogeza mwenyewe ni WCHS. Asiyeweza kutembea kabisa, wa kufikishwa mpaka kwenye kiti chake, ni WCHC. Ukiandikiwa R badala ya C, kiti kitakuja sawa, msukumaji atakuja sawa, na mtafika chini ya ngazi za ndege mkute hapana gari la kuinua wala kile kiti chembamba cha kupita kati ya safu. Hapo mama wa miaka 80 hubebwa mikononi mbele za watu. Hilo huniuma, kwa sababu herufi moja ingelizuia.

Sema hivi: "Naomba uweke SSR ya WCHC kwa abiria huyu, safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi." SSR ni ombi la huduma maalumu. Omba angalau saa 48 kabla. Kisha uliza: "Imeshakuwa HK?" HK ni imethibitishwa. UC ni imekataliwa. Mkibadilisha ndege njiani na shirika ni jingine, uliza HK ya kila kipande cha safari, maana shirika la kwanza hutuma ombi tu, na la pili ndilo hujibu.

PNR ina herufi na tarakimu 6. Uliyopewa na wakala wa tiketi yaweza kuwa ya mfumo wake, na shirika likawa na yake. Ikikataa kwenye tovuti, mwombe wakala "PNR ya shirika." Namba ya tiketi yenyewe ina tarakimu 13, na 3 za mwanzo ni za shirika, kama 706 kwa Kenya Airways. Hiyo humfikisha mhudumu kwako hata PNR ikikataa.

Begi lisipotokea, usitoke ukumbini bila PIR, ripoti ya begi lenye tatizo. Namba yake huanza na uwanja na shirika, mathalani MBAKQ kwa Moi International na Kenya Airways, kisha tarakimu 5. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, dai la begi lililoharibika liandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na la begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Simu haihesabiki, ni maandishi.

Herufi zilezile, kitu kingine

Vifupisho vya kuokotwa kwenye kurasa za Marekani huleta matata hapa. Kule ETR kwa watu wa umeme ni muda unaotarajiwa umeme urudi. Kwa Mkenya ETR ni mashine ya risiti za kodi, na mhudumu atakuuliza umenunua nini. Uliza tu "umeme unatarajiwa kurudi saa ngapi?" Ndugu aliyeko Ulaya akikudai IBAN, namba ya kimataifa ya akaunti, Kenya haitumii. Mpe SWIFT ya benki, ambayo ina herufi 8 au 11, pamoja na namba ya akaunti na tawi. RMA, namba ya kurudishia kifaa kibovu, wanaijua watengenezaji. Duka la simu la Digo Road linajua warranti na risiti.

PIN ndiyo yenye hatari. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, si siri: ina herufi, tarakimu 9, kisha herufi, na benki ikikufungulia akaunti ina haki ya kuiuliza. PIN ya kadi au ya M-Pesa haina wa kuiuliza duniani. Mtu akikuuliza "PIN yako?" mjibu kwa swali: "Ya KRA?"

Zipo pia herufi zao wenyewe, za kupimwa kazini: AHT ni muda wa wastani wa simu, FCR ni tatizo kumalizwa kwa simu ya kwanza, CSAT ni alama ya kuridhika kwa mteja. Kuzijua hukusaidia kumwelewa mhudumu anayeharakisha. Kumtishia nazo, "nitakushushia CSAT," ni kumbana kijana kwenye mshahara wake kwa kosa la waya uliokatika Kongowea, na sioni heshima ndani yake. Moja tu kati ya herufi zao ni halali ya mteja: TAT, muda waliojiwekea kumaliza aina fulani ya tatizo. "TAT ya tiketi hii ni saa ngapi?" ni swali analoweza kulijibu, na jibu likiandikwa karibu na namba ya tiketi, simu ya pili ina mahali pa kuanzia.

Namba hiyo ya tiketi ndiyo utakayoulizwa kwanza ukifika kwa wasimamizi, CA kwa simu na intaneti, EPRA kwa umeme. Hutakiwa uwe umelalamika kwa kampuni kwanza. Kuyatamka majina yao mwanzoni mwa simu, kabla hujapata tiketi, hakumsogezi mtu.

Herufi zikigeuzwa dhidi yako

Matapeli nao wamejifunza. Anayempigia bibi yako na kusema "KYC ya laini yako haijakamilika, utapokea OTP, nisomee" anatumia lugha ya kazini ili asikike wa ndani. Safaricom wametangaza kwamba wao humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee. Kwa kampuni yoyote ile, OTP, msimbo wa kutumika mara moja, haisomwi kwa mtu aliyekupigia, wala CVV, zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi. PUK, namba ya kufungulia laini iliyojifunga, ina mwelekeo mmoja: wao hukupa wewe, nawe humpi mtu. Ina tarakimu 8, na ukiikosea mara 10 laini hufa moja kwa moja.

Wapo wanaomwambia mtu abonyeze misimbo kwenye simu yake, "kurekebisha mtandao." Inayoanza na *21* huhamishia simu zako kwa namba nyingine. Inayoanza na *33* hufunga simu za kutoka, usiweze kumpigia yeyote uombe msaada. Ukishaingia mtegoni, bonyeza ##002# kufuta uhamisho wote wa simu, kisha utumie simu ya mtu mwingine kuifungia laini yako na akaunti ya pesa.

Simu ikiibwa, mhudumu ataomba IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Ina tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina mbili. Huonekana kwa *#06# simu ikiwa mkononi, na huandikwa kwenye kasha lake. Wengi hutupa kasha wiki ya kwanza. Nenda kituo cha polisi, upate namba ya OB, kitabu cha matukio, na abstrakti, na hakikisha IMEI imeandikwa ndani ya abstrakti yenyewe, si pembeni kwa kalamu, kwa kuwa hati hiyo ndiyo utakayoionyesha kila dawati baada ya hapo. Ukimaliza, piga simu: "Nina OB ya kituo fulani, tarehe fulani. Nina IMEI zote mbili. Naomba laini izuiwe sasa hivi, na unipe namba ya ombi."